1.1 na 14.2: kwa nini majibu ya tezi ya shingo hayafanani

Mama mdogo alishuka na meli ya Nansio akiwa amebana bahasha ya kaki kwapani kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Sikumaliza hata shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee haya makaratasi, wiki nzima sijalala."

Ndani mlikuwa na majibu mawili ya tezi ya shingo kutoka maabara mbili tofauti, tarehe zimepishana siku nne. Karatasi ya kwanza ilisema T4 huru (homoni ya tezi) 1.1 na TSH (homoni inayoisukuma tezi) 5.1, pembeni kuna herufi H ya wino mwekundu, yaani juu. Ya pili ilisema T4 huru 14.2 na TSH 3.8, H hakuna. Alishapiga hesabu kwenye simu. "Imepanda mara 13 ndani ya siku nne. Nimelogwa, au ndiyo naondoka?"

Hakuna kilichopanda. Maabara ya kwanza inaandika T4 kwa nanogramu kwenye desilita, ya pili kwa pikomoli kwenye lita. Zidisha 1.1 kwa 12.87, unapata 14.2. Ni mzigo uleule, mmoja kaupima kwa ndoo, mwingine kwa kilo. Kila wiki naona watu wakihama hospitali kwa hofu ya jambo hili, na inaniudhi kwamba kipimo kinaandikwa kwa herufi ndogo kuliko jina la maabara.

Zile TSH mbili, 5.1 na 3.8, ni habari nyingine. Zote zimeandikwa kwa kipimo kimoja, damu ni ya mtu mmoja, na hakuna mteknolojia aliyekosea. Ili kuelewa hilo inabidi ujue jambo ambalo hata baadhi yetu tunaokaa na mashine hizi tunalisahau: mashine haijawahi kuiona homoni. Inahesabu kitu kingine kabisa, halafu inarudi nyuma kwa hesabu.

Chumvi ndani ya bwawa

Tezi yenyewe haina makuu. Imekaa chini ya kikoromeo kama kipepeo aliyekunjua mabawa, inachukua ayodini, ambayo sisi tunaijua kama madini joto, na kutengeneza homoni mbili. T4, au thairoksini, ina atomu nne za ayodini. T3 ina tatu. Homoni hizi ndizo zinazoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo udunde vipi, mtoto akue au adumae. (Wengi huku kandokando ya ziwa wanaamini mla samaki hapungukiwi madini joto. Hiyo ni kweli zaidi kwa samaki wa baharini. Sato na sangara wana kidogo sana, na udaga (muhogo mkavu) usioandaliwa vizuri unaizuia tezi isinyonye hata kile kidogo. Kwa hiyo chumvi ya dukani yenye madini joto bado inahitajika hata kwa mvuvi.)

Ugumu uko kwenye kiasi. Ile 14.2 ya mama mdogo ni sawa na nanogramu 11, yaani sehemu 11 tu kati ya sehemu bilioni za gramu moja, ndani ya lita nzima. Chukua gramu 1 ya chumvi, ncha ya kijiko cha chai tu, uiyeyushe kwenye bwawa lenye urefu wa mita 300, upana wa mita 300 na kina cha mita 1. Sasa chota matone machache uniambie bwawa lina chumvi kiasi gani. Humo pia kuna matope, majani na aina nyingine elfu za chumvi.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejaribu kupima homoni yenyewe. Mwaka 1895 daktari wa Kijerumani, Adolf Magnus-Levy, alionyesha kwamba mwenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi anatumia oksijeni nyingi kuliko wengine hata akiwa amelala. Basi miaka mingi iliyofuata mgonjwa alikuwa analazwa na njaa asubuhi, anabanwa pua na kupumua kwenye chombo. Akiogopa chombo, oksijeni inapanda. Akiwa na homa, inapanda. Siku ya Krismasi mwaka 1914, Edward Kendall kule Mayo Clinic, Marekani, alifanikiwa kuitoa thairoksini ikiwa safi. Baadaye ilimchukua karibu tani 3 za tezi za nguruwe kupata gramu 33. Kuijua homoni, hata hivyo, hakukumaanisha kuweza kuipima kwenye damu.

Njia iliyofuata ilikuwa ya mzunguko: usipime homoni, pima ayodini iliyoshikamana na protini za damu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ayodini hiyo imo ndani ya thairoksini. Ilitumika sana miaka ya 1940 hadi 1960. Lakini mtu akiwa amekunywa dawa ya kikohozi yenye ayodini, au amepigwa picha ya eksirei kwa dawa ya ayodini, majibu yalimwonyesha mgonjwa mahututi wakati yuko sokoni anauza nyanya.

Kivuko cha Kamanga

Aliyeufungua mlango hakuwa akishughulika na tezi hata kidogo. Rosalyn Yalow alikuwa mwanafizikia, na maabara yake ya kwanza katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York, ilikuwa chumba cha kuhifadhia mafagio. Yeye na daktari Solomon Berson walikuwa wakifuatilia insulini yenye mionzi ndani ya watu wenye kisukari. Wakaona kwamba kwa waliowahi kuchomwa insulini, homoni hiyo inakawia kutoka kwenye damu. Kuna kitu kinaishikilia. Wakasema ni kingamwili, yaani protini ambayo mwili huitengeneza ili kukamata kitu kigeni.

Wakubwa wa sayansi walikataa. Insulini ni ndogo mno, walisema, mwili hauwezi kuitengenezea kingamwili. Makala yao ilirudishwa mwaka 1955, na ilichapishwa mwaka uliofuata baada ya kukubali kuondoa neno "kingamwili" kwenye kichwa cha habari. Yalow aliitunza ile barua ya kukataliwa miaka yote, na alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977 aliionyesha kwenye hotuba yake. Berson hakuwepo, alikuwa amefariki mwaka 1972.

Walichofanya baadaye, wakakichapisha mwaka 1960, ni kugeuza shati nje ndani: kama kingamwili inaikamata homoni, basi itumike kuipima. Hapa ndipo huwa nawapeleka wanafunzi wa mazoezi kwenye kivuko cha Kamanga kinachovusha watu ziwani, kwa maneno tu.

Kivuko kina viti 100 kamili, hakuna kusimama. Gatini nimepanga wanafunzi 100 wenye sare. Wanakuja wanakijiji ambao sijui idadi yao, wanachanganyikana na wanafunzi, geti linafunguliwa, kila mtu anagombania kiti kwa bahati yake. Kivuko kikishaondoka nahesabu sare tu zilizomo ndani. Nikikuta sare 100, hakuna mwanakijiji aliyekuja. Nikikuta 50, najua wanakijiji walikuwa kama 100, wamegawana viti sawa kwa sawa. Nikikuta 20, walikuwa kama 400. Sijamhesabu mwanakijiji hata mmoja.

Viti ni kingamwili. Wanafunzi ni homoni ya kiwandani iliyowekewa alama, zamani ayodini yenye mionzi, siku hizi kemikali inayotoa mwanga. Wanakijiji ni homoni ya mgonjwa. Sare zikiwa chache, homoni ni nyingi. Kumbuka ugeuzi huo, utatufaa mbele.

Mfano huu unaonyesha na udhaifu wa njia yenyewe. Wanakijiji wakiwa 4,000 au 5,000, sare ndani ya kivuko zitakuwa kama 2 katika hali zote mbili. Njia hii inaona vizuri katikati na ni kipofu pembeni, ndiyo maana ukitengeneza kipimo unahangaika kwanza na idadi ya viti.

Mwaka huohuo wa 1960, Roger Ekins huko London alichapisha kipimo cha thairoksini kwa wazo lilelile, ila viti vyake havikuwa kingamwili. Alitumia protini ya damu ambayo kwa kawaida huibeba homoni hiyo. Kupata kingamwili ya T4 kulichelewa, kwa sababu molekuli yake ni ndogo mno na mwili wa sungura haushtuki ukiiona. Inabidi uibandike kwenye protini kubwa, tuseme albumini ya ng'ombe, umchome sungura, usubiri wiki kadhaa, kisha uchuje damu yake utafute kingamwili inayoitambua homoni na si ng'ombe. Halafu itofautishe T4 na T3, ambazo zimepishana atomu moja tu. Hapa hapana mchezo. T4 ya damuni ni kama mara 50 ya T3. Kingamwili yako ya T3 ikidanganyika na T4 kwa asilimia 1 tu, mgonjwa wa kawaida atasomeka amezidi kwa karibu nusu.

Dagaa na sangara

TSH si homoni ya tezi. Inatoka kwenye pituitari, kitezi kilicho chini ya ubongo, na kazi yake ni kuisukuma tezi. Ni kama mama anayemwita mtoto: mtoto akiitika, anaongea kwa upole, asipoitika, sauti inapanda. Na huyu mama ana sauti isiyo ya kawaida. T4 huru ikipungua kwa nusu, TSH inaweza kupanda karibu mara 100. Ndiyo maana daktari huanza na TSH: mtoto anapokuwa amenyamaza kidogo tu, kelele za mama zimeshasikika mtaa wa pili.

Vipimo vya kwanza vya TSH, katikati ya miaka ya 1960, vilikuwa vya kivuko. Vilisikia kelele, lakini havikusikia mnong'ono. Chini ya kiwango cha 1 hivi, mashine haikuweza kutofautisha mwenye 0.8, ambaye ni mzima, na mwenye 0.02, ambaye tezi yake inachoma kupita kiasi. Kulikuwa na tatizo jingine pia: TSH imeundwa kwa vipande viwili, na kimoja ni kilekile kilichomo kwenye homoni ya ujauzito na nyingine mbili za uzazi. Kingamwili ikishika kipande hicho, mjamzito anasomeka kama mgonjwa wa tezi.

Mkombozi alikuwa ukubwa wa TSH. T4 ni dagaa, unaishika kwa vidole viwili, hakuna nafasi ya mkono wa pili. TSH ni sangara. Mmoja anamshika mashavuni, mwingine mkiani, na wote wawili wanashika kwa raha. Basi ukaja utaratibu wa mikono miwili: kingamwili ya kwanza imegandishwa ukutani inakamata TSH upande mmoja, ya pili yenye alama inakamata upande wa pili, ambayo haikupata kitu inaoshwa na kumwagwa. Hapa hakuna kugombania viti. Mwanga ukiwa mwingi, homoni ni nyingi, moja kwa moja. Tena anayehesabiwa ni yule tu aliyeshikwa na mikono yote miwili, hivyo ndugu wanaofanana naye nusu wanaachwa.

Utaratibu huo usingefika mbali bila Georges Köhler na César Milstein, waliogundua Cambridge mwaka 1975 jinsi ya kuzalisha kingamwili ya aina moja tu, bila mwisho, kutoka seli za panya. Kabla ya hapo kila sungura alikuwa na kingamwili zake, na akifa, kipimo kimekufa naye. Nao hawakuiwekea hataza (haki ya kumiliki ugunduzi) kazi yao, kama ambavyo Yalow na Berson hawakuiwekea yao. Nikitazama bei ya boksi moja la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, leo, naona kuna watu wengine walioziba pengo hilo.

Kufikia miaka ya 1980 vipimo vya mikono miwili vilishuka hadi 0.1, kisha 0.01. Kile kilichokuwa ukungu kikawa namba.

Wanaotembea kwa miguu

Rudi kwenye neno "huru". Katika kila molekuli 10,000 za T4 ndani ya damu, 2 au 3 tu ndizo ziko peke yake. Zilizobaki zimepanda protini, na hizo ni kama abiria ndani ya daladala: wapo mjini lakini hawawezi kununua kitu mpaka washuke. Zinazofanya kazi mwilini ni zile 2 au 3.

Kwa nini tujitaabishe nazo? Kwa sababu idadi ya daladala inabadilika. Mjamzito anaongeza protini za kubeba, T4 ya jumla inapanda kama mara moja na nusu, na hana ugonjwa wowote. Ukipima jumla tu, utamtibu mtu mzima.

Lakini ukianza kuwakamata watembea kwa miguu ili uwahesabu, abiria wanashuka kujaza nafasi zao. Yaani tendo la kupima linabadilisha kinachopimwa. Njia safi ni kutenganisha kwa utando mwembamba ambao homoni inapita na protini haipiti, kisha kuipima kwa mashine inayopima uzito wa molekuli. Inachukua saa nyingi na fundi mzuri, kwa hiyo maabara za kawaida zinatumia njia ya mkato: kingamwili inaingizwa kwa kiasi kidogo sana na kwa muda mfupi ili mji usishtuke. Kila kiwanda kina mkato wake, nao kila mmoja una kona zake. Mimi huiamini T4 huru ya mtu mzima anayetembea. Ya mgonjwa wa chumba cha uangalizi maalumu, aliyepungukiwa albumini na aliyechomwa heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), naisoma kwa jicho moja.

5.1 na 3.8

Sasa tunaweza kurudi kwenye bahasha ya kaki. Kwanza saa. TSH hupanda usiku na kushuka alasiri. Nilimuuliza, akasema damu ya kwanza ilitolewa saa 1 asubuhi, ya pili saa 9 alasiri baada ya kusubiri foleni. Hiyo peke yake inaweza kula sehemu kubwa ya tofauti.

Pili, kingamwili. TSH ya binadamu si molekuli moja, ni ukoo: imevishwa sukari kwa namna tofauti tofauti, na kingamwili za kiwanda hiki zinawapenda baadhi ya wanaukoo kuliko za kiwanda kile. Viwanda vyote vinalinganisha mizani yao na sampuli rejea ya Shirika la Afya Duniani, lakini sampuli hiyo imetoka kwenye pituitari za binadamu, na ilivyovishwa sukari si sawasawa na ile inayozunguka kwenye damu yako.

Tatu, vitendanishi vyenyewe. Maabara niliyoanzia kazi tulipokea boksi lililosafiri na basi la usiku kutoka Dar es Salaam. Nilipolifungua, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Mkubwa akasema tumieni hivyohivyo. Asubuhi tukapitisha sampuli za udhibiti, ambazo majibu yake tunayajua tayari, ya chini na ya juu. Ya juu ilikaa palepale. Ya chini ilikuja karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Yaani mgonjwa mwenye TSH kubwa angepata majibu sahihi, na yule wa mnong'ono, anayetetemeka na kukonda, angeambiwa yuko sawa. Tuliwarudisha watu 11 nyumbani siku hiyo, na mzee mmoja wa Igoma alitutukana vizuri tu.

Nne ni jambo nililomuuliza mama mdogo huku nikimwangalia nywele. "Unakunywa vidonge vya nywele na kucha?" Akashangaa, "Nani kakwambia?" Hakuwa ameniambia, wala maabara zote mbili hazikumuuliza. Vidonge hivyo vina biotini, aina ya vitamini. Mwili unahitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku. Kidonge kimoja kinaweza kuwa na miligramu 5 au 10, mamia ya mara zaidi. Mashine nyingi hutumia biotini kama ndoano ya kuvutia mzigo ukutani. Damu ikijaa biotini ya vidonge, matundu ya ndoano yote yanaziba, mzigo unaoshwa na kumwagwa, mwanga unapungua. Kwenye kipimo cha mikono miwili, mwanga mdogo husomeka TSH ndogo. Kwenye kipimo cha kivuko, mwanga mdogo ni sare chache, na sare chache maana yake homoni nyingi. Mtu mzima anatoka na karatasi yenye picha kamili ya tezi iliyopandwa na wazimu. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili. Mama mdogo alikuwa amevianza vidonge baada ya kipimo cha kwanza.

Kwa hiyo sikumwambia amepona, wala sikumwambia anaumwa. Nilimwambia aache vidonge, arudi baada ya wiki 6 hadi 8, asubuhi, maabara ileile moja, na daktari aongeze kipimo cha kingamwili zinazoishambulia tezi. T4 yake ni nzuri. Hiyo TSH iko mpakani, na ya mpakani hurudiwa kabla ya mtu kuanzishiwa dawa ya maisha.

Alikunja karatasi, kisha akazikunjua tena. "Huo mpaka," akasema, "4.2 umeandikwa hapa, na huku 4.5. Kaupanga nani?"

Mpaka hupangwa kwa kuwapima watu wazima wenye afya, wasiopungua 120, kisha unakata asilimia 2.5 ya chini na asilimia 2.5 ya juu. Wanaobaki katikati ndio wanaoitwa kawaida. Nilimfungulia karatasi ya kiwanda inayokuja ndani ya boksi, nikamtafsiria mstari unaosema hao watu walipimwa wapi. Ulaya.

"Wanakula udaga?"

"Sidhani, mama."

Maabara ikitaka kuazima mpaka wa wengine, utaratibu unairuhusu kujaribu kwa watu 20 wazima wa kwake: wasipozidi 2 watakaoangukia nje, mpaka unakubalika. Nilipomwambia hivyo alihesabu kwa vidole majirani zake wa Nansio, akafika 14, akaniuliza kama damu inaharibika kwenye meli. Ikizungushwa ikatengwa seramu (maji ya damu), ikakaa kwenye boksi la barafu, TSH inavumilia safari hiyo bila shida. "Basi barafu utaleta wewe," akasema.